Ukurasa mmoja mara nne

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanamke wa miaka 34. Tangu kazini watangaze kwamba watapunguza watu, nakaa roho juu. Usiku silali, nashika simu nasoma habari mpaka saa nane. Zamani nilikuwa msomaji mkubwa wa riwaya. Sasa nausoma ukurasa mmoja mara nne na jina la mhusika silikumbuki. Rafiki yangu ananiambia nijitolee kusaidia watu, eti nitasahau yangu. Nina mama mkubwa ambaye macho yamemdhoofika, lakini hata kumtembelea nimeacha. Nguvu za kujisaidia mwenyewe sina, nitampa mtu nini? Na je, kusoma hadithi wakati mambo yanaharibika si kuukimbia ukweli? Kama si hivyo, nianze na kitabu gani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika zaidi ni huo ukurasa unaousoma mara nne. Katika miaka yangu ya ushauri nasaha nimewasikia wasomaji wengi wakilitaja jambo hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri kosa. Wanadhani akili imeanza kuwatupa mkono. Sivyo. Kinachotokea kinaeleweka, na ukikielewa utajua pa kuanzia.

Wasiwasi kwa sehemu kubwa ni maneno. Thomas Borkovec, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeuchunguza wasiwasi kwa miongo kadhaa, alionyesha kwamba mtu mwenye mawazo haoni picha kichwani sana kuliko anavyojisemesha. Wakinitoa itakuwaje? Nikikosa kazi nyingine je? Nyumbani nitawaambia nini? Ni mazungumzo ya mtu mmoja, hayana mwisho, na yanatumia ileile sauti ya ndani tunayoitumia tunaposoma kimya. Basi ukifungua riwaya unaitaka sauti hiyo ifanye kazi mbili kwa pamoja: ikusimulie habari za mhusika, na papo hapo iulize habari za kazi yako. Macho yanateremka mstari kwa mstari, lakini msimulizi keshaondoka. Ndiyo maana jina halikai.

Kwa hiyo sitakuambia ukaze macho na ujilazimishe. Soma kwa sauti. Najua mtu mzima akiwa peke yake chumbani huona haya kujisomea kwa sauti, na wiki ya kwanza utaona haya kidogo. Soma hivyohivyo. Ulimi, pumzi na masikio vikishashikwa na kazi moja, yale mazungumzo ya ndani yanakosa pa kukaa. Hayanyamazi kabisa. Yanasogea pembeni, na kwa mtu ambaye hajapata nafuu hata ya dakika kumi kwa miezi mingi, kusogea huko ni jambo kubwa.

Pumzi nayo ina habari yake. Mtu mwenye hofu hupumua juujuu, kwa haraka. Sentensi ndefu ikisomwa kwa sauti inamlazimisha aitoe pumzi taratibu mpaka afike penye nukta. Mwaka 2001, Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika jarida la British Medical Journal utafiti wa watu wazima 23 wenye afya, waliotamka sala ya rozari kwa Kilatini na maneno ya kutafakari ya yoga. Katika yote mawili pumzi zilishuka hadi kiasi cha 6 kwa dakika, na mwendo wa moyo ukaenda sambamba nazo. Wao hawakupima mashairi. Lakini mimi nikisoma kwa sauti beti za mizani nane na nane, mabega hunishuka kabla sijafika kwenye kituo, na nimewaona wengi wakishuka mabega vivyo hivyo. Huo ni ushuhuda wangu, uupime kama ushuhuda.

Tuje kwenye simu. Unaposoma habari mpaka saa nane usiku hutafuti habari, unatafuta uhakika. Unataka kukutana na ule mstari mmoja utakaokwambia mambo yatakwendaje, ili uweze kulala. Mstari huo haupo, kwa sababu mwenye kuujua hajauandika bado, na pengine hata bosi wako haujui. Basi kila taarifa inakuacha na swali jipya, nawe unavuta ukurasa chini tena. Riwaya inakupa kitu ambacho habari haziwezi kukupa: ukurasa wa mwisho. Mashaka ya ndani ya kitabu yana mtu aliyeyapanga na anayejua yataishia wapi. Simu ilale chumba kingine. Habari zisome mara moja kwa siku, mchana. Kuhusu hili sina la kubembeleza; katika yote nitakayokuambia leo, hili ndilo linaloleta nafuu upesi zaidi.

Umeuliza kama huko si kuukimbia ukweli. Swali hili ni zito, na halistahili kujibiwa kwa haraka.

Kati ya 1943 na 1947, katikati ya vita kuu na baada yake kidogo, wachapishaji wa Marekani wakishirikiana na jeshi walitoa vitabu vidogo vya jalada la karatasi, vya kutia mfukoni, wakawagawia wanajeshi bure. Viliitwa Armed Services Editions, na nakala zake zilifika karibu milioni 123. Ndani yake zilikuwamo riwaya, mashairi, vichekesho, hadithi za upelelezi. Watu waliopelekewa vitabu hivyo walikuwa wakiujua ukweli kuliko sisi: waliulalia na kuuamkia. Hakuna ambaye angewaambia kwamba hadithi imewafanya wasahau kuwa wako vitani. Iliwapa mahali pa kupumzikia, kisha wakasimama tena.

Ndipo ninapoweka mpaka kati ya kupumzika na kujificha. Mtu aliyepumzika anarudi. Jipime hivi: ukifunga kitabu, unaweza kufanya jambo moja dogo lililokuwa linakungoja? Kuandika upya wasifu wako wa kazi, kumpigia simu mtu mnayefahamiana wa idara nyingine, kukaa na kuhesabu akiba iliyopo? Kama unaweza, endelea kusoma kwa amani. Kama kila ukifunga kimoja unafungua kingine ili siku iishe bila kukugusa, hapo kitabu kimekuwa shuka la kujifunika uso, na ni vizuri ulijue hilo mapema.

Sasa nikusimulie kisa kimoja cha kweli, maana kinaunganisha maswali yako mawili kuliko ninavyoweza mimi. John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza, alilelewa na baba aliyemwanzishia Kigiriki akiwa na miaka mitatu. Alisoma kuliko watu wazima. Mwaka 1826, akiwa kijana wa miaka 20, moyo wake ulizimika. Katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe, yaliyochapishwa 1873, anaeleza kwamba alivirudia vitabu alivyovipenda akitafuta faraja, na havikumpa kitu. Alivisoma bila kuhisi lolote. Unaona, mdogo wangu? Si wewe wa kwanza.

Miezi kadhaa baadaye, kwa bahati tu, alikuwa akisoma kumbukumbu za mwandishi Mfaransa, Marmontel. Akafika pale Marmontel anaposimulia kifo cha baba yake. Familia imevunjika moyo, naye, kijana mdogo, ghafla anahisi na kuwafanya nao wahisi kwamba atakuwa kila kitu kwao, atawajazia pengo la yote waliyopoteza. Mill alitokwa na machozi. Tangu hapo, anasema, mzigo wake ukawa mwepesi. Vitabu vilivyomrudisha kwenye nafsi yake havikumsaidia. Kilichomwamsha ni ukurasa uliomwonyesha mtu mwenye huzuni akigeuka kuwatazama wenzake. Baadaye aliandika kwamba wenye furaha ni wale ambao akili zao zimeshikamana na kitu kingine kisichokuwa furaha yao wenyewe.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jinsi wasiwasi unavyofanya kazi yake. Unamfunga mtu ndani ya nafsi yake na kumpa kazi moja tu, kujilinda. Kitabu kinachofaa na tendo la kumfaa mwingine vyote vinafungua mlango uleule kutoka pande mbili. Ndiyo sababu sivitenganishi, na ndiyo sababu nafikiri rafiki yako hakukosea, ingawa amekuambia kwa njia ya mkato. Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kumwambia mwenye mawazo "jitolee tu utasahau". Hutasahau. Utabeba ukiwa umesimama wima zaidi.

Unasema huna cha kutoa. Ninakuamini kwamba ndivyo unavyohisi, lakini nadhani unapima kutoa kwa kipimo kikubwa mno. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Michael Poulin walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 846 wa eneo la Detroit kwa miaka mitano. Miongoni mwa wale ambao hawakuwa wamemsaidia mtu katika mwaka uliotangulia, misukosuko mikubwa ya maisha iliambatana na hatari kubwa zaidi ya kufa. Kwa waliokuwa wamesaidia, uhusiano huo haukuonekana. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba kusaidia ndiko kulikowakinga. Pengine wenye nguvu ndio wanaoweza kusaidia. Nakuomba lakini uangalie msaada wenyewe ulikuwa nini: kumpeleka mtu mahali, kumfanyia shughuli ndogondogo, kumwangalizia watoto. Hakuna aliyeanzisha kituo cha yatima. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Tangu 1965, Frank Riessman alipoandika kuhusu kanuni ya msaidizi, wataalamu wamekuwa wakilizungumza jambo ambalo vikundi vya kusaidiana vilikwisha kulijua: anayesaidia mara nyingi hufaidika kuliko anayesaidiwa. Kwa mtu mwenye wasiwasi sababu yake naiona hivi. Wasiwasi unakuambia kutwa kucha kwamba huwezi. Huwezi kubishana nao kwa maneno, maana kwa maneno utakushinda. Lakini mtu mmoja akikuambia "karibu tena Jumamosi", hapo una kitu ambacho hakikutoka kichwani mwako.

Ndipo namfikia mama yako mkubwa. Wewe unataka kusoma na kusoma kunakushinda. Yeye macho hayamruhusu. Nenda umsomee.

Nitakuambia kwa nini nina hakika. Miaka iliyopita shangazi yangu alipoteza uwezo wa kuona maandishi, na mimi wakati huo nilikuwa kwenye kipindi kibaya cha maisha yangu. Nilikwenda kumsomea kwa kuwa niliombwa, bila hamu. Siku ya kwanza nilisoma kurasa sita, akanikatiza katikati na kuuliza, "Yule kaka yake alisemaje hapo mwanzo?" Nikajikuta najua. Nilikuwa nimemsikiliza mhusika, kwa kuwa shangazi alikuwa akinisikiliza mimi. Miezi mitatu nilikuwa sijamaliza hata sura moja peke yangu. Mtu anayekusikiliza anakushikia ukurasa, ukiteleza anakurudisha. Wala halikuwa jambo la kishujaa. Tulikunywa chai, tukasoma, tukagombana kidogo kuhusu kama binti wa kwenye hadithi alifanya vizuri kuondoka, nikarudi nyumbani.

Ila kabla hujaenda, mpigie umuulize anapenda kusomewa nini. Katika 1942 na 1943, kabla ya vile vitabu vya mfukoni, Wamarekani walichangisha mamilioni ya vitabu kwa ajili ya wanajeshi. Nia ilikuwa njema. Vingi havikufaa: vizito kubeba, vimechakaa, au ni vya mambo ambayo askari hakuwa na haja nayo. Watu walitoa walichotaka kukiondoa rafuni. Mama mkubwa huenda anataka maandiko matakatifu, au barua za zamani zilizomo sandukuni, au gazeti kurasa za michezo. Msomee hicho, hata kama wewe ungetaka riwaya. Kitu kimoja tu ningekuomba umwambie waziwazi: kwa sasa habari za kutisha zinakuumiza, mziache.

Weka mipaka tangu siku ya kwanza. Siku moja kwa wiki, saa ileile, dakika 40, basi. Nasisitiza hili kwa sababu watu wenye wasiwasi wana tabia ya kukubali kila wanachoombwa, wakiogopa kwamba wakikataa watachukiwa. Kisha wanachoka, wanatoweka, na wanajilaumu. Nimeliona hilo mara nyingi mno. Ahadi ndogo inayotimizwa kila wiki ni ya thamani kwake na kwako. Ukiona unakwenda ukiwa na hasira, au unatumia kazi za watu ili usizikabili zako, punguza. Kupunguza si kumtupa mtu.

Baadaye, nguvu zikirudi, yako mengine. Tangu 2005, LibriVox imekuwa ikikusanya sauti za watu wa kawaida wanaojitolea kusoma vitabu ambavyo haki zake za kunakili zimekwisha, ili yeyote asikilize bure. Unaweza kurekodi sura moja tu ukiwa nyumbani kwako. Kuna pia African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini, unaoweka hadithi za watoto mtandaoni kwa leseni huria, Kiswahili kikiwamo, na watu huzitafsiri. Kutafsiri hadithi ya sentensi kumi na mbili kwa ajili ya mtoto usiyemjua ni kazi ya jioni moja. Lakini hayo ni ya baadaye. Sasa una mtu wako mmoja.

Kuhusu matibabu, nisikilize vizuri. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa wakiishi na matatizo ya wasiwasi, kwa hiyo hakuna aibu ya kuwa mmoja wao. Wasiwasi ukiwapo karibu kila siku, ukakunyima usingizi na kazi ikakushinda, mwone daktari au mwanasaikolojia. Usisubiri ufikie ukingoni. Moyo ukienda mbio ghafla na kifua kubana, kapimwe, usijipe jibu mwenyewe. Na siku ambayo wazo la kujidhuru litakupitia, mwambie mtu siku hiyohiyo na uende hospitali siku hiyohiyo. Vipo hata vitabu vinavyotumika kama sehemu ya tiba: mwaka 2003, mwanasaikolojia Neil Frude alianzisha huko Cardiff mpango ambao daktari anamwandikia mgonjwa kitabu cha kujisaidia, naye anakwenda kukiazima maktaba. Hivyo ni vitabu vya mazoezi, vyenye maswali ya kujaza na hatua za kufuata. Riwaya ina kazi nyingine. Usiidai ifanye ya daktari.

Na kazi yenyewe. Kusoma hakutazuia majina kutoka. Tenga nusu saa ya mchana, kaa na kalamu, andika yanayokutisha. Penye jambo la kufanya, weka tarehe ya kulifanya. Pasipo la kufanya, liache kwenye karatasi hadi kesho saa ileile. Likikujia usiku, lijibu: saa yako haijafika. Mwanzoni halitakutii. Baada ya wiki mbili tatu huanza kutii.

Umeuliza uanze na kitabu gani. Usinunue kipya. Riwaya mpya inakutaka ukariri majina, mahali, nani ni mtoto wa nani, na hicho ndicho hasa kinachokushinda sasa. Chukua ile uliyoipenda zamani, ambayo mwisho wake unaujua. Usianzie ukurasa wa kwanza kama mtu anayefanya mtihani; fungua pale ulipokuwa ukipapenda, simama au kaa wima, soma kurasa mbili kwa sauti. Ukirudia mstari, urudie. Fanya hivyo leo, kesho, na keshokutwa. Jumamosi mpigie mama mkubwa. Huna haja ya kueleza kwa nini ulipotea, isipokuwa ukitaka. Mwambie tu una hamu ya kumsomea, na umuulize mwanze na nini.